Maporomoko ya Karuru: Maji Yaangukayo Nyandarua na Kunywewa Kitui



Watu wengi wa sehemu zetu hizi za Tawa, Kalawa na Kitui wanajua vizuri mahali maji yanapokwisha, lakini ni wachache waliopata kuona mahali yanapoanzia. Tunajua kisima kinachokauka mwezi wa Septemba. Tunajua mto wa mchanga ambao ng'ombe huchimbiwa shimo kabla ya kunywa. Lakini mlima wenye maji yaangukayo usiku na mchana, kiangazi na wakati wa mvua, huo tunausikia tu watoto wanaposoma vitabu vyao vya shule.

Mwezi huu nataka kukueleza habari za maporomoko ya Karuru katika milima ya Nyandarua, na za msitu unaoyazunguka pamoja na wanyama wake, na jinsi wewe na wenzako mnavyoweza kwenda kuyatazama. Tena nataka uone kwamba maji yale si ya watu wa huko peke yao. Sehemu yake huja mpaka kwetu.

MAHALI YALIPO NA UREFU WAKE

Nyandarua ni safu ya milima iliyo kaskazini ya Nairobi. Wazungu waliiita Aberdare, na jina hilo bado linatumika katika ramani na katika jina la hifadhi ya wanyama iliyowekwa huko mwaka 1950. Upande wa kaskazini kuna kilele cha Satima, ambacho ni karibu meta 4,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini kuna kilele cha Kinangop, meta 3,906. Kati ya vilele hivyo kuna nchi ya juu, baridi na yenye unyevu, ambayo miti mirefu haioti. Huko kuna nyasi ngumu zinazoota mafundo mafundo, na ukikanyaga ardhi yake unahisi kama umekanyaga godoro lililoloa. Hapo ndipo mito mingi huzaliwa, na mmojawapo ni Karuru.

Mto huo ukifika ukingoni mwa nchi ya juu hukosa ardhi ya kupita, ukajitupa bondeni. Huanguka kwa vidato vitatu. Kidato cha kwanza ni meta 117, cha pili ni meta 26, na cha tatu ni meta 130. Jumla yake ni meta 273. Kama umepata kufika Nairobi ukaliona jumba la mikutano la KICC, lililofunguliwa mwaka 1973, jumba hilo lina urefu wa karibu meta 105. Basi kidato cha kwanza cha Karuru peke yake kinalizidi, na maporomoko yote ni kama majumba mawili na nusu yaliyopandishwa moja juu ya jingine. Karuru ni miongoni mwa maporomoko marefu kabisa ya nchi yetu. Na ng'ambo ya bonde hilo hilo, siku ya jua, utaona maporomoko mengine yaliyo kama uzi mweupe katika ukuta wa mwamba. Hayo ni ya mto Gura.

Wengine wenu mmeona maporomoko ya Fourteen Falls katika mto Athi, karibu na Ol Donyo Sabuk. Yale ni mapana lakini si marefu, na maji yake, kama mjuavyo ninyi mnaoutegemea Athi, yamechafuliwa na taka zitokazo Nairobi. Maji ya Karuru hayajapita katika mji wowote wala katika shamba lolote. Yametoka katika mawingu, yakapita katika nyasi na majani, yakaanguka. Ukiyatazama utajua jinsi mto ulivyo kabla ya mwanadamu kuutia mkono.

SAFARI YA MAJI HAYO

Sasa tuyafuate. Chini ya maporomoko, Karuru huingia katika mto Gura. Gura hushuka kwa nguvu sana upande wa Nyeri, hata wakulima wa chai wa huko wametumia nguvu hizo kufanyiza umeme wa viwanda vyao. Kisha maji ya Gura huingia katika Sagana, na Sagana ndio mwanzo wa Tana, mto ulio mrefu kuliko yote ya Kenya.

Tana ukipata pia maji ya mito ya Mlima Kenya hufika Masinga, mahali bwawa kubwa lilipomalizwa mwaka 1981. Baada ya Masinga kuna Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo matano hufanya kazi ya umeme, moja likimwachia jingine maji. Na kutoka Masinga maji huvutwa kwa bomba mpaka Kitui. Kwa hiyo mama anayekinga ndoo yake kwenye mfereji wa Kitui anakinga maji ambayo sehemu yake, siku zilizopita, ilianguka meta 273 katikati ya msitu wa Nyandarua, na yeye hajui.

Baada ya mabwawa mto huendelea mpakani mwa Kitui, ukapita nchi kavu, mpaka Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Na kutoka bahari hiyo pepo huleta mawingu tena mlimani. Hiyo ndiyo njia ya maji, na haina mwisho ila mahali mtu anapoikata.

KWA NINI MTO HAUKAUKI

Mkulima mwenye akili atauliza: "Mvua hunyesha hata kwetu mwezi wa Novemba, tena kwa nguvu. Mbona mito yetu hukauka na Karuru haukauki?" Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo jambo kubwa katika habari hii.

Sababu ya kwanza ni urefu wa mlima. Upepo wenye unyevu kutoka baharini ukikutana na mlima hulazimika kupanda. Ukipanda hupoa, na ukipoa huangusha maji yake. Ndiyo maana upande wa mashariki na kusini wa Nyandarua hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini na magharibi. Ni jambo lile lile unaloliona hapa nyumbani: juu Mbooni kuna ukungu na kahawa, na huku chini Kalawa ni jua na mtama.

Sababu ya pili ni msitu, na sababu hii inategemea watu. Mvua ikinyesha juu ya msitu haipigi udongo. Hupiga jani kwanza, halafu tawi, halafu kuvumwani na majani makavu yaliyolala chini, kisha huingia ardhini polepole. Udongo wa namna hiyo hunywa maji mengi na kuyatoa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Msitu haufanyi maji, lakini unayaweka akiba, kama mwenye ghala anayegawa nafaka kwa kibaba badala ya kuimwaga yote siku ya mavuno.

Mvua ikinyesha juu ya mlima ulio uchi huwa kinyume chake. Matone hupiga udongo na kuuziba. Maji hayapati mlango wa kuingia, basi hukimbia juu ya ardhi, yakabeba mbolea na mbegu na udongo wa juu. Saa mbili mto unafurika hata gari haliwezi kuvuka, na baada ya siku tatu kuna mchanga mtupu. Mto wa namna hiyo umepata mvua, lakini hauna ghala.

MSITU NA WANYAMA WAKE

Ukipanda Nyandarua kutoka upande wa Nyeri utaona mimea ikibadilika kama ngazi. Chini kuna mashamba ya chai. Halafu kuna msitu wa miti mikubwa, na mitarakwa katika sehemu zilizo kavu kidogo. Juu yake kuna mianzi mingi, iliyosongamana hata mtu hawezi kupita pasipo njia. Baada ya mianzi miti hupungua na kuwa ya matawi yaliyopinda yenye ndevu za kuvumwani. Mwisho unatoka kwenye ile nchi ya nyasi ngumu niliyokutajia.

Katika msitu huo kuna ndovu, nyati, vifaru weusi, chui, fisi, pongo na nguruwe mwitu wakubwa. Hata chui weusi wamepata kuonekana huko. Mbega wa rangi nyeusi na nyeupe huruka kutoka mti hadi mti kama watu waliovaa majoho, na kima hukaa kando ya njia wakingoja ujinga wa wageni. Katika mito kuna samaki aitwaye trauti, ambaye si wa asili ya nchi hii. Aliletwa kutoka Uingereza na kutiwa katika mto Gura mwaka 1905, naye amezaana kwa sababu maji ni baridi na safi.

Lakini mnyama wa ajabu kuliko wote ni bongo. Ni mnyama wa jamii ya pongo na tandala, mkubwa, wa rangi nyekundu ya udongo wa mfinyanzi, mwenye mistari myeupe ubavuni na pembe zilizojipinda. Hukaa ndani ya mianzi na huogopa watu sana. Bongo wa milimani hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote ila Kenya, na wataalamu wanakadiria kwamba waliobaki porini hawafiki mia moja. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko hesabu ya mbuzi wa kijiji kimoja. Usitarajie kumwona. Hata walinzi wa hifadhi huona nyayo zake mara nyingi kuliko wanavyomwona mwenyewe.

UZIO ULIOWASAIDIA WAKULIMA

Najua mkulima akisikia habari za ndovu na nyati hafurahi sana. Wenzetu waliopewa mashamba ya makazi huko Kinangop, na wale wa upande wa Nyeri, walilala nje miaka mingi wakilinda mahindi na viazi. Ndovu mmoja aliweza kumaliza kazi ya msimu kwa usiku mmoja, na watu waliuawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 shirika la Rhino Ark lilianza kukusanya fedha ili kuweka uzio wa umeme. Nia ya kwanza ilikuwa kuwalinda vifaru katika sehemu moja tu ya hifadhi. Lakini wakulima waliokaa karibu na uzio waliona kwamba sasa wanavuna walichopanda, na wale waliokuwa mbali wakataka uzio ufike kwao pia. Basi kazi ikaendelea mpaka mwaka 2009, uzio ulipozunguka milima yote, urefu wa karibu kilometa 400.

Uzio ulizuia wanyama wasitoke, na pia ulisaidia kuzuia watu wasiingie kwa wizi. Kabla ya hapo, ndani ya msitu watu walikuwa wakikata miti ya thamani, wakichoma makaa, na hata kulima bangi katikati ya miti mahali pasipoonekana na mtu wa barabarani. Mpaka leo haifai kudhani kwamba waya peke yake unatosha. Waya hukatwa na mvua huangusha nguzo. Uzio unadumu kwa sababu majirani zake wanaona faida yake. Tena sheria ya misitu ya mwaka 2005, na ile iliyofuata mwaka 2016, iliwapa majirani wa misitu ya serikali nafasi ya kujiunga katika vyama na kupata kuni, majani na asali kwa mpango. Ndani ya hifadhi yenyewe ya wanyama ruhusa hiyo haipo, na kuchunga mifugo humo ni kosa.

JINSI YA KWENDA

Labda utasema, "Mimi ni mtu wa shamba. Kutazama maji ni kazi ya watalii." Sikubaliani nawe. Mkulima huenda maonyesho ya kilimo kutazama ng'ombe wa watu wengine, naye hurudi na jambo la kufanya kwake. Hata maporomoko ni maonyesho, na somo lake ni maji. Lakini ni safari ya gharama, kwa hiyo yafaa ipangwe vizuri.

Kwanza, msiende mmoja mmoja. Kikundi cha mwethya, chama cha ushirika au wazazi wa shule wanaweza kuchanga polepole na kukodi gari pamoja. Ni vizuri kwenda baada ya mavuno, si wakati wa palizi.

Pili, chagueni majira. Mwezi wa Januari na Februari njia huwa kavu zaidi. Msiende Aprili wala Novemba, maana barabara za ndani ni za udongo, zina miteremko mikali, na zikiloa huteleza kama sabuni. Gari liwe lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Matatu ya kawaida itawaacha njiani mpandoni.

Tatu, njia. Kutoka Tawa mtakwenda Machakos, kisha Nairobi. Kutoka Nairobi kuna njia mbili. Ya kwanza hupita Nyeri na kuingia hifadhini kwa lango la Kiandongoro. Ya pili hupita Naivasha na Kinangop na kuingia kwa lango la Mutubio. Safari hii haiwezi kumalizika kwa siku moja kwa mtu atokaye kwetu. Laleni Nyeri au Naivasha, mpate kuingia mapema, kwa sababu mchana ukungu hupanda na kulifunika bonde lote. Aliyechelewa atasikia ngurumo ya maji asiyaone.

Nne, malipo. Hifadhi iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya. Wananchi hulipa kidogo kuliko wageni, na watoto kidogo kuliko watu wazima. Fedha za mkononi hazipokelewi langoni. Malipo hufanywa kwa njia ya eCitizen. Ulizeni kiwango kabla ya kuanza kuchanga, msije mkapungukiwa mlangoni. Chukueni vitambulisho vyenu.

Tano, nguo na afya. Huko juu ni baridi, na asubuhi nyingine nyasi huwa nyeupe kwa barafu. Kila mtu awe na sweta, koti la mvua na viatu vilivyofungwa. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa pumu amwone mganga kwanza, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Anayeumwa na kichwa apumzike, na kikizidi ateremshwe.

Sita, adabu ya hifadhi. Msishuke garini ila mahali paliporuhusiwa. Msiwape kima chakula. Penye maporomoko kuna njia ya miguu na jukwaa la mbao la kutazamia. Simameni hapo, na kila mtoto ashikwe mkono. Mwamba ulioloa hauna huruma, na hakuna picha inayostahili roho ya mtu. Msitupe karatasi wala chupa. Mkumbuke kwamba mnachokitupa hapo kiko njiani kuelekea Masinga.

JAMBO LA KURUDI NALO

Mkisimama pale jukwaani, msitazame maji yaangukayo tu. Inueni macho mtazame juu yake, kwenye msitu na zile nyasi ngumu. Hapo ndipo penye ghala. Maporomoko ni mlango wake tu.

Halafu mrudi nyumbani mtazame vilima vyenu. Wazee wetu wa Ukambani walikuwa na ithembo, pahali patakatifu penye mikuyu mikubwa, ambapo hakuna mtu aliyethubutu kukata tawi. Sisi wa leo tunaweza kuwa na imani nyingine, lakini mahali pengi ithembo ilipoachwa pana kivuli na unyevu, na mahali mikuyu ilipokatwa pana korongo. Basi desturi ile ilikuwa na faida hata kwa asiyeiamini.

Wakubwa wenu waliofungua skimu ya makazi ya Makueni katika miaka ya 1940, vichaka vya mbung'o vilipofyekwa, wengi walitoka kwenye vilima vilivyojaa watu na udongo uliochoka. Walijua mlima ukiharibika mtu huhama. Lakini leo hakuna skimu nyingine inayotungoja. Kwa hiyo yatupasa kuitunza hii tuliyo nayo.

Mambo ya kufanya si mageni. Tunzeni matuta ya fanya juu, na pale yaliyobomoka yatengenezeni kabla ya mvua ya Oktoba. Acheni ukingo wa mto bila kulimwa, angalau meta 6, kama sheria inavyotaka. Msipande mikaratusi karibu na chemchemi, maana hunywa kuliko ng'ombe; pandeni mikuyu na miti mingine ya asili. Vikundi vya mwethya viendelee kujenga mabwawa ya mchanga mitoni, ambayo ni ghala letu sisi watu wa nchi kavu. Maji yaliyojificha ndani ya mchanga hayanyonywi na jua upesi. Na vijana wanaochoma makaa katika vilima vya Mbooni waambiwe wazi kwamba gunia moja la makaa huisha jikoni kwa muda mfupi, lakini kijito kilichokauka hakirudishwi na bei yake.

Hatuwezi kuifanya Tawa kuwa Nyandarua. Hatuna urefu ule wala mvua ile. Lakini hata mvua kidogo ikiwekwa akiba ni bora kuliko mvua nyingi iliyokimbia. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kinachomvusha mkulima mpaka mvua nyingine.

Vikundi vitakavyotaka kwenda Karuru vifike katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nao, vipate kusaidiwa kupanga safari. Na mtakaporudi, tuandikieni mlichokiona na mlichokifanya, ili wasomaji wengine wafaidike.